Barua ya wazi kwa swahibu yangu aliyebaki kwenye betri

Swahibu yangu,

Nimefikiwa na maneno uliyosema barazani, kwamba mimi nataka kuwamwagia watu unga. Ati mtu akishaugua huwaonea kijicho walio wazima. Simu yangu hushiki, ujumbe unausoma na hujibu, basi nakuandikia hapa mbele ya watu wote. Wewe si peke yako. Wako vijana wengi wanaopasua betri kuukuu za magari na za sola, kazi niliyoifanya nami pamoja nawe, na wengi wao wana mke na watoto wanaowasubiri jioni.

Nianze na lile unalolishikilia sana: kwamba sina ushahidi kuwa kazi ile ndiyo iliyoniharibu figo. Ni kweli. Hakuna daktari aliyeandika kwenye faili yangu kwamba risasi, ile metali ya ndani ya betri na si ya bunduki, ndiyo iliyoua figo zangu. Imeandikwa kwamba figo zimefeli na nimekuwa na presha ya muda mrefu. Yule bwana wa ofisini pale kazini aliniuliza swali moja tu: marehemu baba alikuwa na presha? Nikasema alikuwa nayo. Akatikisa kichwa kwa huruma, na mazungumzo yakaishia hapo.

Lakini sikiliza mambo yanavyokwenda. Risasi ikikaa mwilini hupandisha presha. Presha huharibu figo. Figo zikiharibika, presha hupanda zaidi. Tena risasi yenyewe, bila kusaidiwa na mtu, hutafuna figo polepole kwa miaka, na wewe husikii maumivu yoyote. Mwisho wake picha inaonyesha figo mbili ndogo, zimesinyaa, na figo iliyosinyaa kwa presha haina tofauti kubwa na iliyosinyaa kwa risasi. Ndiyo maana daktari wangu, ambaye ni mtu mkweli, anasema "huenda", na hataki kuvuka hapo. Simlaumu. Unakumbuka jongo lililonishika kidole gumba cha mguu, mkanicheka kwamba nimepata ugonjwa wa matajiri na nyama siioni mpaka Idi? Hilo nalo liko kwenye orodha. Figo zilizoguswa na risasi hushindwa kutoa asidi ya yuriki, ikaganda kwenye viungo. Nilipomweleza daktari kuhusu kidole hicho ndipo alipoweka kalamu chini akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani.

Akanipima risasi. Majibu yakarudi juu kidogo, si ya kutisha. Ofisi ikafurahi kuyaona. Hapo ndipo nataka unisikilize kuliko mahali pengine popote katika barua hii.

Risasi iliyo ndani ya damu hupungua kwa nusu kila baada ya mwezi mmoja hivi, mtu akishatoka kwenye vumbi lake. Nyingine hutoka kwa mkojo, na nyingine huhamia kwenye mifupa, kwa sababu mwili huichukua kama kalsiamu, na ikishaingia humo hukaa miaka 20 na zaidi. Mtu mzima aliyeivuta muda mrefu, zaidi ya asilimia 90 ya risasi yake imo mifupani. Kwa hiyo mimi niliyepimwa baada ya miaka tangu niache kazi, damu yangu ilikuwa na habari za juzi tu. Habari za miaka ile ya tanuri zimefukiwa kwenye mifupa, na mashine ya kusoma mifupa si kitu utakachokikuta hospitali ya kaunti. Wewe bado uko kazini. Damu yako leo inaweza kusema lile ambalo yangu haiwezi kusema tena. Ukingoja mpaka uache kazi, au uachishwe, utakuwa na "huenda" kama yangu.

Sikuombi uamini kwamba kazi ndiyo iliyoniua figo. Nakuomba ukapimwe ungali humo.

Unaijua kazi vizuri kuliko mimi sasa, lakini wasomaji hawaijui. Betri inalazwa ubavu, inapigwa shoka mpaka kifuniko kiachie, asidi inamwagwa chini, pale pale penye mtaro wa maji ya mvua. Sahani za risasi zinatolewa kwa mkono. Matope ya kijivu yaliyobaki ndani yanakung'utwa, yakikauka yanakuwa unga mwembamba unaokaa kwenye nyusi, kwenye kola, kwenye chapati. Kisha tanuri, na ule moshi unaoacha ladha tamu-tamu ya chuma ulimini. Tulikuwa tukila saa nne pale pale kwenye gunia. Mikono tulisuuza kwenye ndoo moja, maji yake yakiwa meusi kuanzia mtu wa tatu. Barakoa tulipewa zile za kitambaa za wakati wa korona, ambazo kwa moshi wa risasi ni pambo tu.

Na maziwa. Kila Ijumaa pakiti ya nusu lita, tuambiwe "kunyweni yaoshe kifua". Sina ugomvi na maziwa, mtu mwenye kalsiamu ya kutosha hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Lakini hayaoshi chochote. Pakiti ile ilikuwa rahisi kuliko feni ya kuvuta moshi na bafu la kuogea.

Dalili tulizipa majina mengine. Tumbo likisokota na choo kikikataa siku kadhaa, tulisema vidonda vya tumbo. Kichwa kikiuma, jua. Uchovu, uzee. Yule mwenzetu mrefu aliyeanza kuangusha shoka kwa sababu kifundo cha mkono hakinyanyuki, watu walisema amechezewa. Risasi hulegeza mishipa ya fahamu ya mkono hivyo hivyo. Wakampeleka kwa mganga, akarudi na hirizi, kesho yake yuko tanurini.

Unasema nikapige kelele Owino Uhuru, kile kijiji cha Mombasa, huko ndiko kwenye kesi. Basi hebu tuitazame hiyo kesi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi ubavuni mwa kijiji kile mwaka 2007, kikafungwa 2014. Wakazi ni kama 3,000. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009, mwanawe mchanga akaugua, akatibiwa malaria na homa ya matumbo wala hakupona, mpaka damu yake ilipopimwa risasi. Mama yule alikamatwa, akavamiwa, na wako waliomwambia maneno haya haya unayoniambia mimi, kwa sababu wengine wa kijiji walikuwa wakila kwenye kiwanda kile kile. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi Mombasa ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Wako waliozikwa katikati ya tarehe hizo. Lakini kilichoibeba kesi miaka yote hiyo, pamoja na ujasiri, ni karatasi: damu iliyopimwa, udongo uliopimwa. Kelele zisizo na karatasi zingeishia kwa chifu.

Sisi hatuna karatasi hata moja, na sheria inasema tungekuwa nazo. Kanuni za uchunguzi wa afya kazini za mwaka 2005 zinamtaka mwajiri wa kazi za hatari ampime mfanyakazi kabla hajaanza, akiwa kazini, na anapoondoka, kwa pesa za mwajiri. Mimi siku ya kuanza nilipimwa viatu. Sheria ya fidia ya mwaka 2007, hiyo WIBA, inahesabu magonjwa ya kazini na si ajali peke yake. Kwa hiyo usidanganywe kwamba bila mguu kukatika huna madai. Ukipata majibu, peleka nakala kwenye ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini, na nakala nyingine iweke nyumbani kwa mtu asiyefanya kazi pale.

Kuhusu mimi, umesema nimekonda. Nimekonda. Kwenye mkono wa kushoto, juu ya kifundo, daktari aliunganisha mishipa miwili ya damu ili sindano za mashine ya kusafisha damu zipate pa kuingia. Ukiweka kidole unasikia panavuma kama friji ya dukani. Nikiamka usiku kitu cha kwanza ni kupagusa pale kuhakikisha panavuma, maana pakinyamaza sina njia ya mashine. Jumanne na Ijumaa natoka alfajiri, nakaa kitini muda wa saa nne, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Nikishuka siwezi kupanda matatu peke yangu. SHA, bima ya afya ya serikali, inalipa kikao. Nauli, dawa na sindano za kuongeza damu ni juu yetu, na unajua mashine ya cherehani ya shemeji yako ilienda wapi.

Maji ndiyo mtihani. Mkojo umekaribia kukatika, kwa hiyo kila ninachokunywa hukaa mwilini mpaka siku ya mashine, na kikizidi huingia mapafuni. Nina kikombe kimoja cha asubuhi mpaka usiku, joto la Machi likiwepo au lisiwepo. Madafu nimepigwa marufuku kabisa, potasiamu yake inaweza kusimamisha moyo. Ndizi vilevile. Mtu wa Pwani asiyekunywa dafu, hebu fikiria. Watu wananiletea chupa za dawa za kusafisha damu, mizizi, unga wa kijani kutoka mtandaoni. Nawashukuru, nikibaki peke yangu namwaga. Nyingine zinamalizia figo zilizobaki. Dawa ya hospitali ya kutoa risasi ipo, hupewa aliyeijaza damuni, chini ya uangalizi, na haina maana yoyote kama mgonjwa anarudi kesho yake kuvuta moshi ule ule.

Sasa kubwa zaidi. Yule binti yako mdogo anayekupokea mlangoni. Unafika na shati la kazi, anakurukia, anaweka uso kifuani. Shemeji analifua shati lile kwenye beseni moja na nguo zake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu chanzo chake kitafutwe. Mtoto hunyonya risasi nyingi kuliko mtu mzima, na inampiga kwenye ubongo ungali unajengeka. Hatapiga kelele. Atachelewa kusoma, mwalimu atasema mzito, nanyi mtamchapa.

Kwa hiyo usiache kazi leo kama huwezi. Naelewa karo ni nini. Shati na viatu vibaki kazini au kwenye ndoo yake nje. Oga kabla hujamshika mtoto. Usifagie vumbi likiwa kavu, piga deki kwa kitambaa chenye maji. Na usikubali kupimwa kwa kudungwa kidole peke yake, ngozi ya kidole yenyewe ina vumbi. Damu itolewe kwenye mshipa. Si kila maabara ina kipimo hiki, uliza kabla ya kupanda matatu.

Jumatano niko nyumbani na nina nguvu kidogo. Mlete mtoto, twende wote. Mambo ya barazani sitayataja. Pesa ya kipimo chake niachie mimi, tayari iko kwa shemeji yako. Wewe tafuta ya kwako.