Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: pazia la mbao la Harewood

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kutoka Leeds, ninakoishi. Juzi niliwapeleka wanangu Harewood, jumba lililo kaskazini mwa mji wetu. Katika ule ukumbi mrefu wa picha, juu ya madirisha, yamening'inia mapazia mafupi yenye mikunjo mizito na vishada. Mdogo akaomba kuyagusa, akakatazwa. Kumbe si kitambaa hata kidogo. Ni mbao tupu, zimechongwa katika karakana ya Thomas Chippendale, fundi samani mashuhuri mzaliwa wa Otley hapo jirani, zikapakwa rangi mpaka jicho likakubali. Mimi nimekulia Unguja kwenye milango ya nakshi, mbao hazinishangazi upesi. Hizi zilinishangaza.

Ujenzi ulianza 1759. John Carr wa York alichora jumba, Robert Adam akapamba vyumba, na mwenye jumba akahamia 1771. Karne iliyofuata akaja msanifu Charles Barry, akaziongezea mbawa ghorofa na kuziondoa nguzo za upande wa kusini. Kwa macho yangu aliliharibu: jumba lilikuwa limetulia, yeye akalivika kilemba.

Sasa fedha. Mwenye jumba, Edwin Lascelles, alizaliwa Barbados. Baba yake, Henry, alitajirika kwa sukari, kwa kuwakopesha wenye mashamba na kwa biashara ya watumwa. Utumwa ulipofutwa, Earl (cheo cha ukabaila) wa pili wa Harewood, wa ukoo huohuo, alilipwa fidia ya zaidi ya paundi 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Watu wenyewe hawakupewa hata senti.

Harewood siku hizi wanayasema haya waziwazi, nami nawapongeza. Ombi langu linahusu majumba mengine yanayolindwa na sheria kama urithi wa taifa. Agiza kwamba panapotajwa msanifu, patajwe pia fedha za kumlipa zilitoka wapi, maadamu kumbukumbu zipo. Sikunyooshei kidole. Kwetu Mji Mkongwe majumba mengi ya mawe yalisimama kwa fedha za karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Nasi mgeni akija tunamwonyesha mlango kwanza.

Tulipotoka, yule mdogo aliniuliza fundi wa mapazia alilipwa na nani. Nilimjibu ndani ya basi. Ningependa mtoto mwingine, kwenye jumba jingine, alikute jibu hilo ukutani.

Wako,
Mkazi wa Leeds