Damu Iliyomo Kwenye Friza Zenu Ina Wenyewe: Barua ya Wazi kwa Watafiti Vijana wa Moshi

Wanangu mnaochunguza magonjwa ya damu na kinga ya mwili hapa Moshi, pamoja nanyi wa Arusha mnaotuma sampuli zenu huku,

Salamu nyingi. Nimestaafu, lakini bado naalikwa kwenye vikao vya kutoa matokeo ya utafiti, na nikiwa na afya huwa nakwenda. Mwezi uliopita nilihudhuria kimoja hapa mjini, na tangu siku hiyo sina raha. Sitautaja mradi wala taasisi. Kijana aliwasilisha vizuri, michoro ikapendeza, wageni wakapiga makofi. Wakati wa maswali akasimama mama mmoja wa Kahe, mkononi ana kadi ya kliniki ya mtoto ndani ya bahasha ya kaki. Akauliza, "Mwanangu mlimtoa damu mwaka juzi. Majibu yake yako wapi?"

Kijana akamjibu kwamba ule ulikuwa utafiti, haukuwa huduma, na majibu ya mtu mmoja mmoja hayakuwemo kwenye mpango. Mwenyekiti akasema tuendelee.

Kikao kilipoisha nilimfuata mratibu, mama mwenyewe akiwa pamoja nasi, tukaomba faili lifunguliwe. Jibu lilikuwepo, limeandikwa wazi: SS. Mtoto ana selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu. Muda wote huo mama alikuwa akizunguka naye zahanati hadi zahanati, leo anapewa dawa ya malaria, kesho ya kutuliza maumivu, na usiku mtoto analia miguu. Herufi mbili ambazo zingembadilishia maisha zilikuwa zimekaa kwenye kompyuta zikisubiri kuwa nukta kwenye mchoro.

Wanangu, mnajua kuliko mimi kinachompata mtoto huyo. Chembe nyekundu zikipinda huziba mishipa midogo ya wengu, na wengu ndio unaochuja vijidudu kwenye damu. Mara nyingi kabla mtoto hajatimiza miaka 5 wengu wake umeshaacha kazi, na nyumokokasi, bakteria wa kichomi, inaweza kumwua kwa siku moja au mbili. Mwaka 1986 Marilyn Gaston na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya kuwapa watoto wa selimundu penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku: maambukizi hayo makali yalipungua kwa asilimia 84, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeshajulikana. Penisilini! Dawa ya bei ndogo kuliko soda mnazokunywa kwenye semina. Sasa niambieni, unawezaje kuisoma makala ile, ukaiweka kwenye utangulizi wa andiko lako, halafu ukakalia jibu la mtoto aliye hai, anayeishi mwendo wa daladala kutoka ofisini kwako? Na mtoto yule ana mdogo wake wa miezi saba ambaye hajapimwa kabisa.

Msinijibu kwa kamati ya maadili. Kamati haimkatazi mtu kumrudishia mgonjwa jibu linalookoa maisha. Inataka uandike tangu mwanzo nani atampelekea, kwa njia gani, na siri yake italindwaje. Mnapoandika bajeti mnakumbuka kompyuta mpakato, mnakumbuka mkutano wa ng'ambo. Wekeni na fungu la kurudi vijijini. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, na pale bibi asipokielewa vizuri, atafutwe mtu wa kumweleza kwa Kichaga au Kimaasai. Asitie dole gumba kwenye kurasa nne asizozielewa.

Fani yetu ina deni la zamani katika hili. Mwaka 1904 huko Chicago alilazwa mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, Walter Clement Noel. Mwaka 1910 James Herrick akachapisha habari za chembe zake zilizopinda mfano wa mundu, na jina la Herrick likaingia vitabuni. Noel alirudi kwao akafungua kliniki ya meno, akafariki mwaka 1916 kwa kichomi akiwa na miaka 32, na kwa miaka mingi waliosoma kuhusu damu yake hawakujua hata anaitwa nani. Mwaka 1961 Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wa Gambia, wakawapa watoto wenye malaria, na vimelea vikapungua. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba kinga ya malaria imo kwenye damu na inaweza kuhamishwa. Majina ya watafiti hao watatu tunayakariri darasani. Ya wale watu wazima wa Gambia, nani anayajua?

La pili: angalieni slaidi wenyewe, vile vioo vya damu vya hadubini. Aliyeziona chembe za Noel kwa mara ya kwanza hakuwa Herrick, alikuwa Ernest Irons, daktari kijana aliyekuwa mafunzoni, kwa kuwa alikaa kwenye hadubini. Siku hizi natembelea maabara naona kijana ana karatasi ya mashine tu. Tandaza tone lako jembamba, lianike, lipitishe kwenye methanoli, lipake rangi ya Giemsa, weka mafuta, kaa. Mashine itakupa idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Haitakuambia kila mara kwamba zimeshikana ndiyo maana zinaonekana chache.

Na viwango vya kawaida vilivyokuja na mashine msivifuate kama msahafu. Watu wengi wa kwetu hawana kiashiria cha Duffy, yaani protini fulani, kwenye chembe zao nyekundu. Ndiyo sababu malaria ya aina ya vivax haiwashiki kirahisi, na haohao huwa na neutrofili, chembe nyeupe za kupigana na vijidudu, chache kwenye kipimo ingawa ni wazima wa afya. Nimeona watu wakikataliwa kuingia kwenye majaribio ya dawa kwa sababu hiyo, wakarudi nyumbani wakidhani wana ugonjwa. Viwango vya watoto wazima wa Mkoa wa Kilimanjaro vilishapimwa na kuchapishwa. Vitafuteni.

Mengine nayataja tu. Andika namba kwenye chupa ukiwa mbele ya mgonjwa. Chupa ya kifuniko cha zambarau usiiache mezani tangu asubuhi hadi jioni halafu ukalaumu mashine. Jenereta la friza lijaribiwe kabla umeme haujakatika. Jifunze takwimu mwenyewe. Mtaalamu wa maabara aliyefanya kazi jina lake liwemo kwenye makala. Soma makala za zamani, hasa ya Anthony Allison ya mwaka 1954 iliyoonyesha kwamba mwenye AS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu, ana kinga dhidi ya malaria, maana kazi ile ilifanyika hapahapa Afrika Mashariki.

Hilo la Allison linanifikisha kwenye jamii, na hapa lawama si zenu peke yenu. Aliona vinasaba vya selimundu ni vingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, nyanda za juu ni vichache. Basi kuna watu wa mlimani wanaosema ugonjwa huu si wetu. Mtoto wa Moshi leo bibi yake ni wa Machame na babu yake ni wa Sengerema! Na jibu likija, upande wa mume unamgeukia mke: ukoo wenu una damu mbaya. Nimeona mama akirudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa sababu hiyo. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba na S nyingine kwa mama. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS. Baba anayemfukuza mkewe anaikimbia damu yake mwenyewe. Makanisa yanayowadai wachumba majibu ya VVU yangewashauri wapime na selimundu, si kuwazuia wasioane, bali wajue mapema. Nasi wenyeji wa huku tunaochanga mamilioni ya harusi kwa wiki chache, benki ya damu ikituita tunaingia mitini, mpaka alazwe ndugu yetu.

Nawapenda, ndiyo maana nawagombeza. Wengi wenu nimewashika mkono mkijifunza kutandaza damu, na najua mishahara yenu ya mikataba inavyokatika mradi ukiisha. Lakini mradi mwingine utakuja, na mtawarudia akina mama walewale. Mkono mtupu haulambwi.

Naomba basi hivi. Wiki hii kila mwenye orodha ya watoto waliopimwa aifungue, awatoe wenye SS, aandike ombi kwa kamati, na awajulishe wauguzi wa kliniki ya selimundu wajiandae. Anzeni na walio chini ya miaka 5. Namba nyingi za simu zitakuwa zimebadilika, kwa hiyo pitieni kwa wahudumu wa afya wa vijiji, wao wanazijua nyumba. Pesa ya mafuta ya gari ikikosekana mniambie, sisi wastaafu tutachanga.

Mzee wenu,
Moshi