Vile vidudu vyeupe kwenye okidi

Wapendwa habari za jioni, poleni na baridi ya Moshi. Wiki hii picha zote za maua ya okidi mnazotuma humu kwenye kundi ni zilezile, vidudu vyeupe kama pamba, mnauliza ni nini, bas tumalize leo. Hivo ni vidung'ata, vinajificha pale jani linapoungana na shina, we unafuta juu unaona pasafi kumbe chini ukoo mzima umelala. Mi vyangu nilivijua kwa sisimizi, walipanga foleni kwenye kijiti cha maua nikajiuliza hawa wanafata nini huku, kumbe vidung'ata vinatoa majimaji matamu na sisimizi ndo walinzi wao. Ukiona sisimizi, geuza majani.

Chukua kijiti cha pamba cha masikio, chovya spiriti ya asilimia 70 ile ya famasi, gusa kimoja kimoja, na usiweke juani mmea ukiwa bado umelowa spiriti majani yataungua. Rudia mara moja kwa wiki, kwa wiki 3 au 4, maana mayai hubaki. Mmea uutenge na wenzake.

Alafu udongo wa shambani HAPANA jamani, okidi nyingi za ndani asili yake ni juu ya miti, mizizi inataka hewa, wekeni magome na vipande vya mkaa. Kipindi hiki maji kidogo tu, tena asubuhi, yakituama katikati ya majani usiku moyo unaoza.

Jumamosi tukikutana njooni na picha, mmea mgonjwa ubaki nyumbani, sitaki wageni kwenye vyungu vyangu 😂