Nafuu ya kodi kwa vyombo vya umeme ianzie kwa bodaboda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu wito unaoitaka Serikali ipunguze kodi kwa wanaonunua magari ya umeme. Wito huo nauunga mkono, ila nahofia kwamba nafuu hiyo ikitolewa kwa mtindo wa nchi tajiri, itaishia kwa watu wachache wenye uwezo wa kununua gari jipya hata bila kusaidiwa.

Norway iliyaondolea magari hayo Kodi ya Ongezeko la Thamani mwaka 2001, lakini mwaka 2023 ilianza kuitoza kodi hiyo kwa kiasi cha bei kilichozidi kroni 500,000, hivyo mnunuzi wa gari la kifahari hakubebwa tena moja kwa moja. Marekani ilitoa hadi dola 7,500 kwa njia ya kupunguza kodi ya mapato, utaratibu ambao kwa miaka mingi ulimfaa mwenye kipato kikubwa, kwa sababu asiyedaiwa kodi ya kutosha hakuwa na cha kupunguziwa. Mpango huo ulikoma mwishoni mwa Septemba 2025.

Hapa Kigoma petroli hutufikia baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini, na bei kikomo za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinapotangazwa, mkoa wetu huwa miongoni mwa ile yenye bei za juu. Anayeubeba mzigo huo kila siku ni kijana wa bodaboda wa Mwanga au Ujiji mwenye pikipiki ya mkataba, anayeweka mafuta ya elfu mbili au tatu asubuhi, akabeba abiria kadhaa, akarudi tena kituoni, na jioni bado anadaiwa hesabu ya tajiri. Kijana huyu hana ritani ya kodi ya mapato itakayomletea unafuu wowote. Nafuu itamfikia iwapo tu itaonekana katika bei ya pikipiki yenyewe na, zaidi ya hapo, katika bei ya betri, ambayo ni ghali na itahitaji kubadilishwa kabla pikipiki haijachakaa.

Jirani zetu wa Rwanda waliliona hilo mwaka 2021, walipojumuisha betri, vipuri na vifaa vya vituo vya kuchajia katika msamaha wao, wakaweka pia bei nafuu ya umeme kwa vituo hivyo. Kwa Kigoma, iliyotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya Taifa, jambo hili sasa lina maana ambayo zamani halikuwa nayo.

Nawaomba wabunge wetu, Muswada wa Sheria ya Fedha utakapofika Dodoma, wadai msamaha wa pikipiki, bajaji na betri zake kabla ya magari madogo, pamoja na sharti kwamba muagizaji aliyesamehewa kodi aoneshe punguzo hilo katika bei anayomtoza mnunuzi.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma