Barua kwa Mhariri: Mmemsahau mwigizaji wa Dar es Salaam katika sinema za Ujerumani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niongeze jina moja kwenye makala ya utamaduni mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu sinema za kale za Ujerumani. Mwandishi wenu amewasifu waigizaji Conrad Veidt, Emil Jannings na Marlene Dietrich, na ameeleza vizuri ufundi wa mandhari zilizojengwa ndani ya studio. Katika hayo sina ugomvi naye. Lakini amemruka Mtanganyika aliyeigiza katika filamu za nchi hiyo, na sisi wa Mwanza, ambao kila siku tunalipita Jiwe la Bismarck, lenye jina la kansela wa Ujerumani, tukielekea kivuko cha Kamanga, tusingetarajiwa kunyamaza.

Mtu huyo ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, naye mwenyewe alitumikishwa katika jeshi hilo akiwa bado mtoto wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alikataliwa. Hata hivyo alibaki huko, akafanya kazi ya kuhudumia wateja mgahawani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, na katika miaka ya 1930 akawa anaitwa studio kila ilipohitajika sura ya Mwafrika, mpaka akawa ameonekana katika filamu zipatazo ishirini, nyingi kwa nafasi ndogo ndogo za mtumishi na mfano wa hizo.

Makala yenu ilimsifu Jannings kwa filamu ya mwaka 1924 iitwayo Der letzte Mann, ambamo anaigiza bawabu mzee wa hoteli anayevuliwa sare yake ya vifungo vinavyong'aa na kupelekwa kuhudumu chooni. Ni filamu bubu, na karibu haina maandishi ya kueleza kisa. Kila kitu kinasemwa na mgongo wa Jannings, ulionyooka akiwa ndani ya sare na kuinama mara anapoivua. Nimeitazama mara tatu kwenye simu ya mjukuu wangu, na kila mara nimemkumbuka Husen, kwa sababu yeye naye aliishi ndani ya sare. Alivaa mavazi ya askari katika maonyesho ya Wajerumani walioililia koloni yao iliyopotea, na mwaka 1934 aliomba nishani waliyokuwa wakipewa wapiganaji wa zamani wa vita ile. Hiyo nayo alinyimwa. Walimtaka kwa maonyesho, si kwenye orodha ya wanaostahili heshima.

Kuhusu mandhari, nina neno ambalo huenda mwandishi wenu hatalikubali. Katika filamu ya Caligari ya mwaka 1920, wasanii Hermann Warm, Walter Reimann na Walter Röhrig walichora mitaa iliyopinda, madirisha yasiyo na pembe sawa na hata vivuli vyenyewe, vyote kwa rangi. Veidt, akiwa amevaa nguo nyeusi za kubana, anatembea akijinyoosha kando ya ukuta hadi unadhani naye amechorwa pale. Huo ni uongo, lakini ni uongo unaojitangaza, na hakuna mtazamaji atakayetoka akiamini kwamba Ujerumani ina mji wa namna ile. Miaka ishirini na moja baadaye ikatoka filamu ya Carl Peters, iliyotengenezwa chini ya utawala wa Hitler, nayo ikajenga Afrika yake huko huko Ulaya na kumtaka mtazamaji aiamini. Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye watu wa kwetu walimpa jina la Mkono wa Damu, na ambaye serikali yake mwenyewe ilimfukuza utumishi mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro, humo ni shujaa aliyeonewa. Anayemwigiza ni Hans Albers, yule yule aliyekuwa pamoja na Dietrich katika Der blaue Engel ya mwaka 1930. Katika filamu hiyo ya Carl Peters ndimo Husen alimopata nafasi yake kubwa kuliko zote.

Nilipoiona sikumtazama Albers. Nilikuwa namsubiri Mswahili wetu kila picha inapobadilika, maana katika Afrika ile ya kubuni yeye peke yake nilijua alikotoka.

Filamu ilianza kuonyeshwa Machi 1941. Mwezi Agosti mwaka huo huo Husen alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kufikishwa mahakamani, na akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Veidt alikuwa amekwisha kuondoka nchini tangu mwaka 1933. Jannings alibaki, akaendelea kucheza nafasi kubwa katika filamu za utawala ule; hilo nalo makala yenu haikuligusa, ingawa nafasi ya kumsifu haikukosekana.

Mbele ya nyumba alimoishi Husen, katika mtaa wa Brunnenstraße mjini Berlin, tangu mwaka 2007 kuna kibao kidogo cha shaba kilichopachikwa ardhini chenye jina lake. Kama mna mpango wa kuendeleza mfululizo wa makala hizi, naomba toleo lijalo limpe Husen walau nusu ya nafasi mliyompa Dietrich, na jina lake liandikwe kwa ukamilifu, lile la Berlin na lile alilopewa Dar es Salaam.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa historia,
Kirumba, Mwanza