Pima sweta, usipime mtu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata na nimeirudia zaidi ya mara moja, maana maswali yake ni mengi na hakuna hata moja la kupita juu juu. Unasema umechoka kufuma kwa kufuata maelekezo ya watu: sweta linatoka zuri kama la pichani, lakini baba watoto akilivaa linambana makwapani, binti yako hataki hata kulijaribu, na la mjukuu limegoma kupita kichwani. Sasa unataka kubuni mwenyewe, na unaniomba nikutumie mchoro wa kuanzia.

Mchoro sikutumii, na si uchoyo. Ulio bora kuliko wowote nitakaouchora mimi unao tayari kabatini: ni lile sweta ambalo baba watoto halivui. Kila mtu analo. Rangi imepauka, viwiko vimekonda, lakini asubuhi yenye baridi ndilo analoliendea bila kufikiri. Litoe, litandaze mezani bila kulivuta, chukua futikamba ulipime. Usimpime yeye. Mtu ukimpima anavuta pumzi, anajikaza, anapandisha mabega. Na hata ukipata namba sahihi za mwili wake, bado hujajua anapenda nguo imkae vipi. Kifua cha sentimita 92 kinaweza kupenda sweta la 96 au la 112, na yote mawili yakawa sawa. Nafasi ile ya kupumulia haiandikwi mwilini, imo ndani ya nguo aliyoichagua mwenyewe.

Pima upana chini ya makwapa, uzidishe mara mbili. Pima urefu kutoka begani, karibu na shingo, hadi ukingo wa chini. Pima mkono kutoka kwapani hadi kwenye kifundo, na unene wake pale juu ambapo watu wengi husahau. Pima upana wa tundu la shingo, na jinsi linavyoshuka mbele. Kisha kaa ulitazame lilivyochakaa, maana uchakavu una habari zake. Ukingo wa mkono ukiwa umelegea na kupanuka, ujue mwenyewe hupandisha mikono akifanya kazi. Basi mpe ukingo mrefu unaovutika, au mkono mfupi kidogo, badala ya kumfumia mkono mpana utakaochovya kwenye kila kitu. Tumbo likiwa limevutika mbele, huenda kila siku anaingiza mikono chini ya sweta kutafuta joto: huyo anadai mifuko. Picha ya jarida haitakuambia hayo.

Baada ya hapo ndipo uzi unaingia, na najua utakunja uso, kwa sababu kipande cha majaribio hukipendi tangu zamani. Kifume tu. Mraba wa kama sentimita 15 kila upande, kwa uzi ule ule, sindano zile zile na mfumo ule ule wa sweta lenyewe. Kioshe kama utakavyoliosha sweta, kiache kikauke kikiwa kimelala, ndipo uhesabu mishono iliyomo ndani ya sentimita 10 za katikati. Usihesabie pembeni, kingo hudanganya. Hesabu na mistari pia. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4 au 4.5, mara nyingi utapata mishono kati ya 18 na 22.

Tuseme sweta la baba watoto lina mzunguko wa sentimita 102, na kipande chako kimetoa mishono 21. Hiyo ni mishono 2.1 kwa kila sentimita. 102 mara 2.1 ni kama 214. Ukingo unaovutika, wa mishono miwili ya mbele na miwili ya nyuma kwa kupokezana, unataka hesabu inayogawanyika kwa 4, basi chukua 216. Sasa tazama hatari ilipo. Ukianza na hiyo 216 kwa kuamini karatasi ya kwenye uzi, kumbe mkono wako hufuma kwa kukaza na kwa kweli unatoa 23, sweta litaishia sentimita 94 hivi. Na kifua chake tuseme ni kile cha 92! Ile nafasi yote ya kupumua imeliwa na mishono miwili tu katika kila sentimita 10. Nadhani hapo ndipo makwapa yake yalipoanza kubanwa, wala si kosa la aliyeandika maelekezo.

Ukishaipata namba ya mwili, sehemu nyingine zote zinaweza kutoka humo humo. Elizabeth Zimmermann, mfumaji aliyezaliwa Uingereza akaishi Marekani, alieneza njia ya kuhesabu kila kitu kwa asilimia ya mishono ya mwili. Sehemu ya juu ya mkono ni kama asilimia 33, kifundo asilimia 20, na mishono inayoachwa kwapani asilimia 8. Kwa 216 hiyo ni kama 71 kwa mkono, 43 kwa kifundo na 17 kwa kwapa. Mimi ile 33 naiona finyu kwa mtu mzima mwenye misuli, napandisha hadi 36 au 37. Wewe linganisha na mkono wa sweta lake kuukuu, namba na nguo zikigombana, iamini nguo.

Umeuliza uanzie chini au juu. Kwa familia mimi nasema juu, kwa sindano za mviringo, ukishuka kutoka shingoni. Unaanza na mishono ya shingo, unaigawa kwenye mgongo, kifua na mikono miwili, halafu kwenye ile mistari minne ya mshazari inayotenganisha mikono na mwili unaongeza mshono kila upande, yaani mishono 8, kila baada ya mstari mmoja. Ndiyo mtindo wa reglani. Uzuri wake ni kwamba mwenyewe anaweza kulivaa likiwa bado sindanoni, ukaona kwa macho kama kwapa limefika. Na mtoto akirefuka, unafungua ukingo wa chini, unaokota mishono na kuendelea kushuka.

Lakini usinichukulie kwamba reglani ni dawa ya kila kitu. Sweta zito la mtu mzima lisilo na maungio yoyote mabegani huning'inia na kushuka siku hadi siku. Maungio ya begani ni kama mti wa kenchi, hubeba uzito wote. Kwa uzi mnene ningependelea vipande viunganishwe begani, kisha mkono uokotwe kutoka kwenye tundu lake na kufumwa kushuka chini. Wavuvi wa pwani za Uingereza walivaa masweta ya namna hiyo: mkono ulishuka kutoka begani hadi kifundoni, ili ukingo ukilika ufumuliwe na kufumwa upya bila kugusa sehemu nyingine; mbele na nyuma vilifanana, hivyo lingeweza kugeuzwa upande mmoja usichakae peke yake; na kwapani kulikuwa na kipande cha umbo la almasi cha kumpa mtu nafasi ya kuinua mikono. Hicho kipande cha kwapani kiibe. Baba watoto atakushukuru bila kujua anashukuru nini.

Jambo moja zaidi kabla sijamwacha: shingo. Nguo ambayo mbele na nyuma zinalingana kimo itamkaba kooni na kumwacha wazi kisogoni, kutwa nzima atakuwa anaivuta. Shingo ya nyuma lazima iwe juu kuliko ya mbele, kwa sentimita 5 hadi 8 kwa mtu mzima. Ukifuma kutoka juu, hilo unalipata kwa mistari mifupi: unafuma sehemu ya nyuma tu, unageuza kabla ya kufika mbele, unarudi, unageuza tena mbali kidogo. Inachosha mara ya kwanza. Ukizoea hutafuma tena sweta bila hiyo mistari.

Haya, mjukuu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake. Hata akikaribia mwaka mmoja, mzunguko wa kichwa bado unakaribiana na wa kifua, kama sentimita 46 hivi. Kwa hiyo shingo iliyofumwa kwa uwiano wa mtu mzima lazima igome. Fungua bega moja na uweke vifungo viwili au vitatu, au fuma mabega yanayopishana, la mbele chini ya la nyuma, yanayofunguka yenyewe kichwa kikipita. Na mwisho wa shingo usifunge mishono kwa kukaza. Tumia sindano kubwa zaidi wakati wa kufunga. Kamba za kufungia shingoni achana nazo kabisa, ni hatari. Vifungo vishonwe kwa uzi imara, uvivute kwa nguvu kuhakikisha, maana kila kitu huishia mdomoni. Kwa sababu hiyo hiyo usimnunulie uzi wa manyoyamanyoya, hata ukiwa laini namna gani.

Tena mtoto hurefuka haraka kuliko anavyopanuka. Mpe upana wa kutosha sasa, na mikono mirefu ya kukunja. Ukifanya hivyo, sweta moja litapita misimu miwili. Na uwe uzi unaovumilia mashine ya kufulia! Sufu ya kawaida ikikutana na maji ya moto na msukosuko, magamba madogo ya nyuzi zake hushikana, na nguo husinyaa ikawa nene kama blanketi, haifumuki tena. Mama wa mtoto hana muda wa kuosha kwa mikono, na zawadi inayomwongezea mama kazi si zawadi.

Binti ndiye mgumu, na ugumu wake nauheshimu. Unasema anataka kitu kifupi, kipana, cha kuvaa juu ya fulana, na umemwambia hilo si sweta. Mpe. Kwa kweli ndiyo kazi rahisi kuliko zote tatu: vipande viwili vya mraba, mabega yameunganishwa, tundu la shingo pana, mikono ikiwapo iwe mifupi. Ugumu uko kwenye uzi. Akitaka pamba, kumbuka pamba ni nzito na haina mnyumbuko wa sufu, ikivutika haijirudishi. Kipande cha majaribio cha pamba usikilaze tu, kitundike siku nzima kikiwa kimebanwa vibanio kadhaa chini, ndipo upime. Utaona kimeongezeka urefu, na ndivyo blauzi yake itakavyofanya akishaivaa. Fuma kwa sindano ndogo kidogo kuliko unavyodhani, na usiifanye ndefu. Ukingo wa chini usiuache na mfumo laini mtupu, ule wa mishono ya mbele upande mmoja na ya nyuma upande wa pili, kwa kuwa hujikunja kuelekea juu na hakuna pasi itakayoushinda. Anza na mistari michache ya mshono wa mbele pande zote mbili, au ukingo unaovutika. Isipokuwa kama yeye anapenda ujikunje. Vijana siku hizi wanapenda. Rangi mwachie achague mwenyewe, hata kama itakuumiza macho. Wewe chagua vifungo.

Kuhusu kununua uzi sina mengi. Nunua wote kwa pamoja, na hakikisha namba ya rangi kwenye karatasi inalingana kwa kila donge, kwa kuwa mapishi mawili ya rangi moja hayafanani mchana. Ukilazimika kuchanganya, fuma mistari miwili kwa donge hili na miwili kwa lile, macho hayataona mpaka. Ongeza donge moja la akiba na usilitumie. Hilo ni la viwiko vya mwaka ujao. Namba zote ziandike kwenye daftari, pamoja na sindano uliyotumia, ukikibandika na kile kipande cha majaribio pembeni. Sweta la pili la mtu yule yule halina majaribio mengi.

Uliuliza mwishoni kama lile sweta kuukuu la kijani, lililokuwa la mama, linaweza kufumuliwa ukapata uzi wa mjukuu. Inategemea. Ligeuze ndani nje, utazame maungio ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi mwembamba wa mashine, liache lilivyo, utapata vipande vifupi vifupi visivyofumika. Ukiona kila ukingo ni mzima, umefumwa ukarudi na umeshonwa tu kwa mkono, fungua maungio, tafuta pale mishono ilipofungiwa na uanze kuvuta kutoka hapo. Uzi utatoka umejikunjakunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, kisha uutundike bila kuuwekea uzito mkubwa. Utanyooka. Ila kabla hujaanza, uvute kwa vidole viwili: ukikatika kirahisi, umezeeka, hautamfaa mtoto.

Akupendaye daima,
Shoga yako