Tulilipia bahari, tukaikuta imepwa

Katibu,
Kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa,
Masasi.
15 Septemba 2025

Meneja,
Kampuni ya utalii na usafirishaji,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA MTWARA NA MIKINDANI, TAREHE 6 NA 7 SEPTEMBA 2025

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni katibu wa kile kikundi cha kina mama 14 mliotupakia kwenye Kosta nyeupe hapa Masasi, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri. Kikao kiliamua barua hii niandike mimi kwa sababu mbili: nina mwandiko unaosomeka, na kati yetu sote ni mimi peke yangu niliyezaliwa pwani. Sababu ya pili ndiyo inayonitia hasira kuwazidi wenzangu, kwa hiyo mahali nitakapopandisha sauti mtanivumilia.

Kila mmoja wetu aliwalipa Sh 165,000, jumla Sh 2,310,000. Si hela ya mshahara wa mtu. Ni Sh 4,000 zilizowekwa kando kila Jumatano tangu Novemba mwaka jana, mbali na hisa za kawaida, na wapo waliouza kuku ili wasikose wiki. Tulichagua mwanzo wa Septemba kwa makusudi, kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi, maana zikishaanza, huku kwetu hakuna mwanamke wa kwenda kutalii. Karatasi yenu ya ratiba tuliibandika ukutani pale tunapofanyia vikao. Mstari wa kwanza ulisema: Jumamosi saa nne asubuhi, Mikindani, kupanda mashua ya tanga na kuogelea. Huo mstari ndio uliotutoa fedha.

Tulifika Mikindani saa nne kasoro robo. Tukashuka na kanga zetu za kuogea mabegani, tukatazama. Bahari haikuwepo. Palikuwa na tope, mikoko, kisha tope tena, na mbali huko kamstari ka maji kanametameta. Mashua zimelala ubavu, zimepwelewa. Wanawake wa pale walikuwa katikati ya ghuba kwa miguu yao, wameinama na vikapu, wanaokota kombe. Mama mzazi wa mwenyekiti wetu, ambaye sote tunamwita Bibi, ana miaka sabini na kitu na alikuwa hajaiona bahari tangu azaliwe. Alisimama kitambo akiangalia lile tope, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndiyo yenyewe?"

Sikuwa na la kumjibu, Ndugu Meneja. Labda ninyi mnalo.

Pwani yote hii maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, inakuwa bamvua: yakijaa yamejaa kwelikweli, yakipwa yanakwenda yasikoonekana. Na siku za bamvua saa zake hazifichiki, kujaa ni kwenye saa kumi, kupwa ni kwenye saa nne. Marehemu baba yangu alikuwa mvuvi Kilwa Kivinje, saa ya mkono hakuwahi kuvaa, na hilo alilijua. Tarehe 6 Septemba ilikuwa siku moja kabla ya mwezi pevu. Mamlaka ya bandari inatoa jedwali la kujaa na kupwa kwa maji, lakini wala hamkuhitaji kufika huko. Wiki hiyohiyo watu walikuwa wametoka kula pilau ya Maulidi, na Maulidi ni tarehe 12 ya Mfunguo Sita, mwezi wa kalenda ya Kiislamu, ambao huhesabiwa tangu mwezi kuandama na hupevuka kwenye tarehe 14. Anayeweza kuhesabu kutoka kumi na mbili hadi kumi na nne alijua Jumamosi ile saa nne asubuhi maji ya Mikindani yatakuwa wapi. Na ikiwa mwanasheria wenu atataka kubisha kwamba haikuwa bamvua, mkumbusheni kuwa usiku wa Jumapili mwezi ulipatwa, Afrika Mashariki yote ikaona. Mwezi haupatwi ila ukiwa mpevu. Shahidi wetu yuko juu, hahongeki.

Kinachouma zaidi, mliambiwa. Nahodha wa mashua tulimkuta amekaa kivulini anashona tanga. Nilipomsalimia na kumuuliza kulikoni, alitikisa kichwa. "Mama, hawa niliwaambia kwenye simu, waleteni wageni saa tisa. Wakanijibu ratiba imeshachapwa." Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema ili muone jinsi yanavyosikika yakisomwa na mtu mwingine.

Na hiyo saa tisa sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa Mtwara mjini, kwenye kibaraza cha gesti, tunangojea chakula cha mchana. Mikindani ni kama kilomita kumi tu kutoka hapo. Nilimwomba kiongozi wa safari aturudishe, maji yanajaa, nahodha yupo, mashua imeshalipiwa. Akasema mafuta yamepigiwa hesabu.

Naja kwenye Boma. Kijana wenu wa kutuongoza ni mpole na ana sauti nzuri, sitaki mmfukuze kazi; nataka mmfundishe. Alituonyesha ghorofa la Boma akasema Livingstone alilala humo juu. Tunaye mwalimu mstaafu kikundini. Akamsubiri amalize, akamuuliza kwa adabu Livingstone alifika lini. Kijana hakujua. Mwalimu akamwambia: alitua Mikindani mwaka 1866, akaelekea bara, akafa mwaka 1873. Boma walilijenga Wajerumani mwaka 1895. Huyo marehemu alipanda ngazi za nyumba gani? Watu wakacheka, na kijana akacheka pia, lakini mimi sikucheka sana, kwa sababu ya yaliyofuata.

Masasi mnayoiona leo ina historia yake na Mikindani. Mwaka 1876 Askofu Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi pale. Wapo miongoni mwetu ambao babu za babu zao ni hao. Njia za misafara ya watumwa na pembe za ndovu kutoka upande wa Ziwa Nyasa zilishukia kwenye bandari za pwani hii, na Mikindani ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo wenzangu hawakwenda pale kupiga picha mbele ya milango ya nakshi peke yake. Walikwenda kusimama mahali ambapo mtu wao aliwahi kusimamishwa. Walitaka kuambiwa taratibu, watembezwe kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe, waelezwe ipi ilikuwa ya nani na kilifanyika nini. Waliambiwa, "Hapa palikuwa soko la watumwa, haya tupige selfi ya pamoja, tuna dakika kumi." Mwenyekiti wetu aligoma kupiga hiyo picha. Kwenye picha mliyoitumia kujitangaza juma lililopita yule mwanamke aliyegeuka mgongo ni yeye, na ninaomba muiondoe.

Bandari nayo ilikuwemo kwenye ratiba: "kutembelea Bandari ya Mtwara". Tulitembelea geti. Mlinzi alitueleza kwa heshima kwamba kundi la wageni huingia kwa barua iliyoombwa mapema, na jina lenu halikuwepo kwenye daftari lake. Kwa wengine hilo ni dogo, lakini mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Nachingwea, na babu yake alikuwa kibarua wa reli ile ya karanga. Waingereza walianza mpango wao wa karanga mwaka 1947, wakaona Mtwara ina kina cha asili cha kupokea meli kubwa, wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikawashinda, mwaka 1951 mpango ukatupwa, na baadaye reli nayo ikang'olewa. Bandari ikabaki, na leo inasafirisha korosho zetu. Huyu mama alitaka tu aone pale kazi ya babu yake ilipoishia. Ameona rangi ya geti.

Malazi sitayarefusha. Ratiba ilisema "hoteli ya ufukweni", tukalazwa gesti ya karibu na stendi, ambako sauti tuliyosikia usiku kucha ni ya wapiga debe. Pweza wa nazi aliyeahidiwa aligeuka chipsi mayai, saa kumi na moja jioni, na kwa kuchelewa huko matembezi ya Shangani ya kutazama jua likizama yakafa yenyewe. Kula chipsi mayai Mtwara, mji wenye samaki hadi mlangoni! Jumapili asubuhi tulitoka wenyewe kwa bajaji hadi kwa mama lishe, tukala changu na wali kwa fedha zetu, na huyo mama alitujazia sahani hadi tukaona haya. Laiti tungempa yeye ile milioni mbili.

Jumapili ilikuwa zamu ya Msimbati. Njiani tulipita Madimba, penye mitambo ya gesi inayokwenda Dar es Salaam kwa bomba, tukataka kuuliza maswali. Kiongozi wetu alikuwa amelala. Kwenye lango la hifadhi ya bahari dereva alizima gari akatugeukia. Ada ya kuingia, ambayo karatasi yenu inasema imo ndani, hakupewa. Tukachangishana palepale. Ofisa wa hifadhi alitupa stakabadhi halali ya serikali, nakala yake nimeiambatisha. Nasema halali kwa sababu ninyi mlipopokea Sh 2,310,000 mlituandikia kwenye karatasi ya daftari la mistari, bila risiti ya mashine. Kila mtoto wa nchi hii anajua ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Tunaidai.

Baada ya lango Kosta ikazama mchangani. Hii haikuwa ajali. Kosta si gari la mchanga ule, na dereva mwenyewe alikiri kwamba aliomba gari lingine. Vijana wa kijijini walitusukuma kwa zaidi ya saa nzima, tukawapa Sh 20,000 ya soda, na bado haikutoka. Sisi wenye miguu tukatembea. Na niseme haki: Msimbati ni pazuri. Maji ya kina yako karibu na ufuko, hata yakipwa bado unaogelea, mchanga mweupe, minazi mpaka jicho linachoka. Tulikaa majini dakika arobaini na tano, na nusu ya muda huo watu walikuwa wanapiga kelele tu kwa furaha. Kama mngeipeleka Msimbati Jumamosi asubuhi na Mikindani Jumamosi jioni, barua hii isingekuwepo. Ni kupindua karatasi tu.

Lakini Bibi hakuweza kutembea mchanga ule. Alibaki kwenye Kosta iliyokwama, na binti yake akabaki naye.

Kosta ilipokwamuka hatimaye na tukiwa tunarudi, saa kumi na mbili kasoro jioni, tulipita tena Mikindani. Ghuba ilikuwa imejaa. Lile tope lote halipo, maji yamekuja hadi karibu na barabara, na mashua zilizokuwa zimelala asubuhi ya jana zinaelea. Bibi alikuwa dirishani. Akasema, "Kumbe hurudi." Sote kumi na watatu tulipiga kelele gari lisimame, dakika tano tu, ashuke aguse maji. Dereva akasema amepigiwa simu kutoka ofisini, tumechelewa, asisimame popote. Alipita.

Hiyo haraka mliyomwekea ilitufikisha karibu na Mtama, tairi likapasuka, na gari halikuwa na jeki. Dereva aliondoka kwa bodaboda kuitafuta. Ndipo mwezi ulipopatwa, saa mbili na nusu, ukawa mwekundu kama kaa la moto, nasi tumekaa kando ya barabara juu ya kanga ambazo hazikulowa maji ya Mikindani. Ilikuwa nzuri, na haikuwemo kwenye ratiba yenu. Masasi tuliingia saa nane usiku.

Kikao chetu cha Jumatano kimeazimia yafuatayo. Mturudishie nusu ya nauli na gharama, yaani Sh 1,155,000, pamoja na ada ya hifadhi kama ilivyo kwenye stakabadhi na ile Sh 20,000 ya vijana. Risiti ya mashine tuipate kwa fedha zote mlizopokea. Picha ya mwenyekiti iondolewe. Tunawapa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita kimya, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na ratiba yenu iliyochapwa itakuwa kielelezo cha kwanza.

Na lipo la Bibi, ambalo halimo kwenye hesabu hiyo. Mtampeleka Mikindani yeye na binti yake, kwa gharama zenu, kwa gari lenye jeki. Namba ya nahodha tunayo. Siku na saa atapanga yeye, ninyi mtaandika tu.

Wenu,

Katibu,
kwa niaba ya wanakikundi 14